Mbwa Wanaotenga

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Mimi mzima, isipokuwa haya masikio ambayo siku hizi yamebaki kuwa pambo la kichwa. Ndiyo maana nakuomba uache kunipigia simu. Juzi uliniuliza kitu, nikakujibu "nimeshakula", ukacheka mpaka simu ikakatika. Tuandikiane. Macho bado yapo. Naona jino la gurudumu la saa ya kike bila kuvaa lenzi.

Habari kubwa ni kwamba nina wapangaji wawili wa miguu minne. Yule bwana mwenye shamba la kondoo kule mteremkoni ameuza kondoo wake wote, anahamia kwa mwanawe. Alikuja kuchukua saa yake ya ukutani, akaniachia mbwa wake wawili, boda koli, wale weusi wenye ukosi mweupe wanaochunga kondoo kwa macho tu. Akaniambia, "Fundi, hawa ukiwanyima kazi watajitafutia wenyewe." Nikadhani anatania.

Wamejitafutia. Dume nimemwita Karani kwa sababu anahesabu watu. Mteja akiingia dukani anamzunguka, anamkagua viatu, anakwenda kukaa kama aliyemwandika kitabuni. Jike ni Shangazi. Huyo hana simile. Ukikaa mahali asipopapenda anakubana kisigino kwa meno ya mbele, wala hakuumizi, anakukumbusha adabu tu. Jana waliingia wateja watano, kila mmoja kwa wakati wake, wakakaa walipotaka. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye benchi nikawakuta wote watano wamebanana kwenye kona ya kalenda, mkoba kwa mkoba, na hakuna anayejua amefikaje pale. Muoka mikate, mmoja wao, alicheka mpaka akatafuta pa kushika.

Kuku wa jirani nao siku hizi wanaingia bandani saa kumi na moja kamili bila kuitwa. Nikisema "kibano", Karani analeta kibano. Nikisema "brashi", analeta brashi. Asubuhi wananiamsha kwa kunitazama. Hawabweki, hawagusi kitanda. Wanasimama tu pale na kutazama mpaka usingizi wenyewe unaona haya.

Tangu mama yako atutoke, nyumba hii haijawahi kuwa na watu wengi namna hii.

Baba yako

19 Februari

Baba, shikamoo.

Hali yangu si haba, na kazi ya udobi ndiyo ile ile. Hoteli imejaa, tunafua shuka mia tatu kwa siku, na pasi kubwa imeharibika kwa hiyo tunapiga kwa mkono. Nikitoka pale natembea nimejikunja kama kijiko.

Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa chai. Mmoja anauliza kama Shangazi anaweza kuja kumbana visigino msimamizi wetu. Nimefurahi, Baba. Nilikuwa nakuwazia umekaa peke yako na tiki-taka za saa za ukutani. Sasa nikikuwaza naona mbwa wawili wamekukodolea macho, na sijui kwa nini naona afadhali.

Usiwape mifupa ya kuku. Kula vizuri na wewe.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole ya mgongo. Mimi mzima. Kuna jambo nimelikalia wiki mbili na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Mwenye shamba, siku ile alipoleta mbwa, alinieleza kazi moja wanayoifanya inayoitwa kutenga. Kondoo mmoja akitakiwa atolewe kundini, labda anaumwa, mbwa mmoja anapita katikati na kufungua njia, wa pili anawazuia wengine wasimfuate. Yule mmoja anabaki peke yake. Kisha wote wawili wanalala chini, wanamkazia macho, na hathubutu kurudi kwa wenzake.

Mwishoni mwa mwezi uliopita dukani kulikuwa na watu sita. Karani akainuka, akapita katikati yao taratibu, tumbo linakaribia kugusa sakafu. Shangazi akazunguka upande wa pili. Kufumba na kufumbua, watu watano wako ukutani na muoka mikate yuko peke yake karibu na mlango. Mbwa wakalala, macho kwake. Akasema, "Jamani, mimi nimekosa nini? Au wamesikia harufu ya siagi?" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Niliwaita kwa majina, nikawarushia hata mfupa. Hawakugeuza kichwa.

Siku ya nne muoka mikate alianguka mbele ya tanuri lake, mchana, koleo bado mkononi. Alikuwa ameshakufa walipomfikia.

Nikasema imetokea tu. Wiki iliyofuata akaja mwalimu mkuu mstaafu, kubadilisha mkanda wa saa. Walikuwapo wengine watatu. Mbwa wakainuka, wakafanya vile vile. Mwalimu aliwatazama, akanitazama mimi, akaniuliza, "Fundi, hivi ndivyo walivyofanya kwa yule wa mikate?" Nikamjibu kwamba wanacheza tu. Siku sita baadaye amekutwa kwenye kiti chake, redio inaongea.

Sikuwafundisha mimi kutenga. Hata amri yake siijui.

Baba yako

25 Machi

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu nimesimama. Pole sana kwa misiba.

Sasa nisikilize. Mimi nashika shuka za watu miaka kumi na moja. Shuka ya mgonjwa naijua kabla sijaikunjua. Kuna aliyelala na homa, kuna mwenye sukari, na kuna harufu nyingine sijui jina lake, lakini mgeni wa chumba kile kesho yake anachukuliwa na gari la wagonjwa. Ikiwa pua yangu hii iliyochoka na sabuni inajua, itakuwaje pua ya mbwa? Hakuna uchawi hapo. Wanamnusa mgonjwa na kumtoa kundini, ndiyo kazi waliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo acha kusema wanacheza. Wakimtenga mtu, mwambie aende hospitali siku hiyo hiyo. Atakucheka, basi na acheke.

Na wewe je, Baba? Wanakufanyaje wewe?

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Mimi sijambo kabisa. Kwangu mbwa hawana neno; wananihesabu pamoja na benchi na stuli.

Nimefanya ulivyosema. Wa tatu alikuwa mleta barua, huyu huyu anayezipeleka na kuzileta hizi zetu. Mbwa walimtoa kati ya watu wanane. Nikamfuata nje nikamwambia yote. Alikasirika, akaniita mzee mchawi na kunitupia bahasha zangu chini. Lakini mkewe akamburuta hospitali. Wamekuta mshipa mkubwa wa tumboni umevimba kama puto, daktari anasema angepiga chafya tu ungepasuka. Amepasuliwa, yu hai. Anakusalimu.

Ningefurahi, lakini duka langu si duka tena. Watu wanakuja bila saa. Wanasimama kwenye foleni tangu asubuhi, wamevaa vizuri, wanaingia wanne wanne na kusimama wima mbele ya mbwa. Mbwa wanawatazama, wanapiga miayo, wanalala. Wengine wanatoka wakilia kwa furaha. Mama mmoja alirudi mara tatu siku moja. Na wapo wanaovuka barabara wakiniona, na juzi dirisha langu limevunjwa kwa jiwe.

Ukipata likizo uje. Nataka kuona mtu anayeingia humu kwa ajili yangu.

Baba yako

2 Juni

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na mfuko wa nguo ulifika nao. Nyumba imepoa tangu uondoke. Zile siku nane zilikuwa tamu sana, na ni kwa ajili ya utamu wake nimefanya kosa ambalo sijui nitalisemaje. Nitalisema moja kwa moja.

Siku uliyofika tulikuja kukupokea kituoni mimi, jirani na mleta barua. Ulishuka, ukatukumbatia, tukawa tumesimama wanne. Unakumbuka mbwa walivyokuja? Unakumbuka tulivyojikuta sisi watatu tuko kwenye nguzo ya taa na wewe uko peke yako barabarani na sanduku lako? Uliuliza, "Baba, wanataka nini hawa?" Nikakwambia wanakukaribisha.

Hawakuwa wanakukaribisha. Mleta barua aliona pia, nikamshika mkono kwa nguvu, akanyamaza.

Siku zote nane kila ulipokaa nasi walikutenga. Ukidhani ni mchezo, uliwapapasa vichwa. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Kisha ulikuwa unaimba jikoni, au unanisomea gazeti kwa sauti karibu na sikio langu, na ulimi ukawa mzito. Watu wageni niliwakimbilia mpaka barabarani. Wewe, damu yangu, nilikuacha ukapanda basi.

Nenda hospitali. Usimalize hata kusoma. Nenda.

Baba yako

20 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu. Nilikwenda kwa jirani akanipigia simu yako, akaniandikia kwenye karatasi: haipatikani. Amepiga hotelini, wamesema hujafika kazini tangu tarehe sita.

Mbwa wote wawili wanalala getini tangu uondoke, pua zimeelekea njia iliyokwenda basi lako. Mvua ikinyesha hawaingii. Chakula nawapelekea pale pale.

Niandikie hata neno moja. Hata la matusi.

Baba

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umenifundisha adabu, lakini leo sina maneno matamu.

Nilipata barua yako tarehe tano Juni. Nilikwenda. Walikuta uvimbe kwenye figo la kushoto. Wamelitoa lote. Daktari ameniuliza nilikuwa nasikia nini hasa mpaka nikaja kupimwa, nikamwambia mgongo. Sikuweza kumwambia ni mbwa. Amesema ningengoja mwaka ningekuja kuonana naye nimebebwa. Nitapona. Nimeshaanza kutembea ukumbini nikishika ukuta.

Nilikuwa na kalamu, na muuguzi aliniletea karatasi, na kwa wiki tatu nilikataa kukuandikia. Nilitaka ujue kungoja kukoje. Nililala pale nikiwaza zile siku nane. Tulicheka, tulikula, ulinitengenezea saa yangu, na muda wote ulikuwa unajua. Ulinitazama nikimkumbatia Karani, Baba. Ulitazama.

Jana nimejiuliza ningekuwa mimi ningefanyaje, na wewe ndiye uliyekuwa umesimama peke yako barabarani. Sikupata jibu nililolipenda. Kwa hiyo nakuandikia.

Sijakusamehe bado. Lakini usinifiche tena kitu. Hata kiwe kidogo, hata kiwe kibaya namna gani, niambie siku hiyo hiyo.

Mwanao

24 Julai

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika saa tatu asubuhi. Mleta barua hakungoja kufika mlangoni, alianza kuipunga tangu kona ya kwanza. Nimeisoma, nikalia, kisha nimeisoma tena ile sehemu ya hasira, kwa sababu ni haki yangu. Pole mwanangu. Asante kwa kuniandikia.

Mbwa walitoka getini wiki mbili zilizopita, asubuhi moja tu, wakajikung'uta na kwenda kuwasumbua kuku. Sikujua nifurahi au nianguke. Sasa najua.

Nimekuwa nikifanya ujanja mwingine wa kiwoga. Foleni ikija mimi naingia nyuma nijifanye natafuta betri, nisione. Jumanne mke wa seremala alinifuata huko nyuma akaniuliza, "Fundi, mbona wananitazama hivi?" Nikamjibu wana njaa. Leo, baada ya kuisoma barua yako, nimevaa koti nikaenda kwake. Alikuwa anaanika nguo. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, nikamwambia na kwa nini. Alimalizia kuanika ile nguo aliyoishika, akaenda kumwita mumewe. Wameshaondoka kwenda hospitali.

Nimerudi dukani saa sita. Nilikuta wateja wanne wananisubiri, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu wote wana saa mkononi, saa mbovu za kweli, nikafurahi. Nikakaa kwenye benchi, nikavaa lenzi. Kisha nikaona kivuli kinapita chini. Karani alikuwa ameinuka. Shangazi naye.

Nilijua kabla hawajafika walikokuwa wanakwenda. Wateja wanne wakarudi nyuma hatua mbili mbili mpaka ukutani. Mimi nikabaki huku kwenye benchi peke yangu. Mbwa wamelala katikati yetu, videvu sakafuni, macho kwangu. Nimejaribu kusogea kwa wale watu, kama mchezo. Shangazi amenirudisha.

Mama mmoja alitazama dari. Basi nikasema mwenyewe, kwa sauti, wote wasikie: "Leo ni mimi."

Nimewarudishia saa zao na kufunga duka, jua bado liko utosini. Jirani anatafuta gari la kunipeleka hospitali, hata mimi namsikia akifokea simu. Mimi nimeomba kwanza karatasi. Mbwa bado wananitazama ninavyoandika. Sioni maumivu yoyote, mkono hautetemeki, unaona hata mwandiko. Lakini uliniambia siku hiyo hiyo, na ndiyo hii.

Baba yako