Neno nililompa Abdalla mlangoni

Abdalla wetu amekufa mlimani.

Nimeandika hivyo kabla hata ya bismillahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nikianza na salamu sitafika. Leo ni Jumapili. Hapa Kibra kuna manyunyu tangu alfajiri, na baraza imejaa viatu vya watu wa matanga. Wamejinyoosha kidogo baada ya adhuhuri, nami nimejifungia stoo ya mahindi na daftari langu. Darasa la tatu tu nilifika, lakini mwandiko wangu hata karani mmoja wa serikali aliusifu. Leo unayumba kama wa mtoto anayeanza alifu.

Abdalla si wa tumbo langu. Ni wa Zenabu, mke mwenzangu. Marehemu mume wetu, sajini, alituacha nyumba moja, mimi na Ramadhani wangu, yeye na Abdalla wake, na mpaka leo tunapika chungu kimoja. Abdalla aliniita Mama Mkubwa. Alikuwa akiiba sukari kwenye kopo langu na kuacha kifuniko wazi, ili nijue ni yeye. Kijana wa miaka kumi na tisa!

Sasa, Ramadhani wangu ndiye nyapara wa wapagazi wanaopanda Mlima Kenya na Wazungu. Nani Kibra hajui? Nimelisema bombani, nimelisema Kawangware mpaka wauza viazi wakiniona wanaitana, "Mama Mlima huyo anakuja!" Na si uongo. Mzungu akifika Nanyuki haulizi mwingine. Mwanangu ana mapafu kama mivukuto ya mhunzi. Safari hii alikubali kwenda na mdogo wake Abdalla, ambaye hajawahi kupanda.

Asubuhi ya kuondoka watu walijaa mlangoni, na mimi penye watu sijui kunyamaza. Nikamshika Abdalla kola.

"Usije ukarudishwa njiani kama gunia lililotoboka! Mtoto wa sajini hasemi kichwa kinauma. Hayo mwachie Mzungu."

Watu wakavunjika mbavu. Abdalla akapiga saluti, "Ndiyo, Mama Mkubwa!" Akaenda zake akicheka.

Nilisema ili wacheke tu.

Juzi Ramadhani aliposhuka kwenye treni alinieleza mambo asiyowaambia wengine, mimi peke yangu. Kule juu kuna siku moja hawasogezi kambi. Wanaiita siku ya kuzoea. Wanapanda mpaka kwenye miamba, wanakaa kidogo, kisha wanateremka kulala pale pale walipoamkia, ili mwili ujifunze ile hewa nyembamba. Kabla ya kutoka, nyapara anapita kwa kila mtu na swali moja: kichwa? Anayesema kinauma anateremshwa siku hiyo hiyo. Hana kosa wala hachekwi. Mwanangu mwenyewe aliwahi kuteremshwa alipokuwa mgeni wa kazi.

Hilo hakuwahi kuniambia. Angeniambiaje, na mdomo wangu huu?

Basi siku hiyo akamfikia Abdalla. Macho mekundu, uji hakuugusa. Akamuuliza, "Kichwa?" Abdalla akajibu kwa sauti kubwa, wapagazi wote wasikie, "Kwetu Mama Mkubwa amesema hakiumi!" Wakacheka wote. Ramadhani naye akacheka, akapita kwa mwingine.

Kwenye miamba alikuwa anapepesuka kama mlevi, wakadhani anaendelea na mzaha wake. Waliporudi kambini kifua chake kilikuwa kinatokota kama birika. Ramadhani akamfunga mgongoni kwa blanketi, akateremka naye mbio, wenzake wakimpokea kwa zamu. Hawakufika hata kwenye msitu wa mianzi kule chini, akafa njiani. Waislamu wa Nanyuki walimwosha, wakamzika kesho yake. Mama yake hakumwona.

"Usimwambie Mama Zenabu," Ramadhani aliniomba. "Kosa ni langu. Nyapara ni mimi." Mwanangu huyu, anayeinama ili aingie mlangoni, alilia amejiziba mdomo kwa koti lake mwenyewe ili asisikike. Nami nikamfuta uso kwa kanga yangu.

Lakini Zenabu hanyamazi. Kila mgeni akiingia anamwambia, "Mtoto wangu alitoka hapa akicheka, na dada huyu ndiye aliyemchekesha. Hebu waambie, dada, vile ulivyomwambia." Nami nasimulia. Nimeshasimulia mara tatu, gunia na saluti na yote. Wanawake wanajifuta machozi, wanatabasamu. Zenabu ananishika mkono, "Mungu akulipe, dada. Hakuondoka na huzuni."

Mungu anilipe nini?

Jana niliunguza kisra ya wageni, ile mikate yetu myembamba, kikaango kizima moshi. Mimi ambaye kisra yangu inajulikana mpaka kwa wasiokula kwetu. Zenabu, mfiwa mwenyewe, ndiye aliyeinuka kwenye mkeka akaninyang'anya mwiko. "Pumzika, dada. Wewe pia umefiwa." Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama mbuzi asiye na mwenyewe.

Nimejaribu kujiambia kwamba kunyamaza ni kumhurumia. Kicheko kile ndicho alichobakiwa nacho, na mimi nikamnyang'anye? Halafu najiuliza: ninamhurumia yeye, au ninakihurumia kiti changu katika nyumba hii? Na nikisema, ninasema kwa ajili yake au ili mimi nipumue? Sijui. Ukweli ni kwamba sijui.

Ninachojua ni kwamba Ramadhani hawezi kubeba mzigo wangu pamoja na wake. Amekwisha sema mlima hatauona tena. Hali chakula, na Zenabu akimwita hageuki.

Na wapagazi wana midomo. Jibu lile walilisikia wote. Zenabu akilipata kwa mmoja wao, atajua kwamba siku zote hizi nilikuwa nalo, na mkono wangu umo ndani ya mkono wake.

Kwa hiyo kesho, Inshallah, wageni wakienda kuoga, nitamwita jikoni, wawili tu. Sitazunguka. Nitaanza na neno lenyewe, kama nilivyoanza hapa. Akitaka kunipiga anipige. Akinitoa, kanga zangu hazijazi hata sanduku moja.

Siwezi kungoja zaidi ya kesho. Khitma ya kumwombea Abdalla imepangwa Alhamisi baada ya alasiri, na watu wote wanatazamiwa, wa Kibra, wa Kawangware, na wale wapagazi waliocheka naye kambini asubuhi ile.