Rangi ya Mizigo ya Mama

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumapili, asubuhi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, za moto kama zilivyo. U hali gani wewe na shemeji? Kile kikohozi kimekuachia? Na wanangu wanaendeleaje na masomo? Sisi huku afya tunazo, cherehani inazunguka, na wateja bado wananilaumu kwa kuchelewesha nguo zao. Mama naye mzima, isipokuwa yale magoti yake.

Sasa kaa chini, maana nina hasira na sitaki kuzificha. Najua mdogo wetu Bosi ameshakupigia simu kukwambia kwamba nimemnyang'anya Mama. Uongo mtupu! Ngoja nikueleze yote, kisha uamue mwenyewe.

Unajua Bosi amepanda cheo na sasa amepata nyumba kubwa. Mimi nilifurahi kweli. Wifi aliponiomba nikawasaidie kufungasha, niliacha kazi zangu nikaenda na mfuko wa vipande vya vitambaa. Hapa kazini nguo za kila mteja nazifunga kwa kitambaa cha rangi yake, zisichanganyike. Nikawaambia tufanye hivyo hivyo: kila chumba cha nyumba mpya kiwe na rangi yake, wapagazi wasitusumbue kwa maswali. Wifi alipenda mno. Nyekundu ikawa ya jikoni, bluu ya chumbani kwao, njano ya watoto, nyeupe ya sebuleni. Kijani ikawa ya stoo. Na zambarau, Dada, ikawa ya chumba cha wageni. Wana kitanda kipya kabisa cha wageni, hata nailoni yake haijavuliwa.

Tulifungasha siku nzima, vumbi likatuingia hadi kwenye meno. Wifi anang'ang'ania hata mifuniko isiyo na masufuria, halafu redio ya Mama akaitia kwenye taka. Nikaitoa, akairudisha, nikaitoa tena. Nikajiambia ni uchovu tu.

Jioni Mama akatoka chumbani kwake. Alikuwa amejifungashia mwenyewe: sanduku lake, blanketi lake, na godoro alilolikunja akalikaza kwa kamba. Akasimama mlangoni akauliza, "Na vyangu nifunge rangi gani?"

Bosi akainama kukaza kamba ambayo ilikuwa imekaza tayari. Wifi ndiye aliyejibu, tena kwa uso mkavu: "Funga kijani kwa sasa, Mama. Tutapanga baadaye."

Stoo, Dada! Nikauliza basi kile chumba cha zambarau kina kazi gani. Wifi akasema lazima kikae tayari, kwa sababu wakubwa wa kazini kwa Bosi wanaweza kuja wakati wowote. Damu ilinichemka. Mgeni ambaye hata jina lake hawalijui ana kitanda, na mama aliyemzaa mwenye nyumba hana! Nilisema yote yaliyonijia mdomoni, na mengine siyaandiki hapa kwa heshima ya shemeji. Bosi akaniambia eti, "Dada, usituletee fujo, hii ni nyumba yangu." Mama akaokota kipande cha kijani, akalifunga sanduku lake. Alisema tu, "Sawa, mwanangu." Hiyo "sawa" iliniumiza kuliko matusi.

Kesho yake lori likaja. Mama akapanda mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma juu ya makochi. Tulipofika, wapagazi wakafuata rangi kama nilivyowafundisha, moja kwa moja, bila kumuuliza mtu. Ufundi wangu mwenyewe ndio uliompeleka Mama stoo! Na stoo yenyewe haina dirisha. Kuna mabaki ya saruji, ndoo za rangi na matairi ya gari. Godoro lake wakaliegemeza kwenye matairi.

Mama akaingia, akatazama, akatoka. Hakulia wala hakununa. Alimwendea dereva akamuuliza, "Baba, unarudi kule tulikotoka?" Dereva akasema ndiyo, na Mama akaagiza vitu vyake virudishwe garini. Bosi akaja mbio akihema. "Mama, mbona hivi? Watu watasemaje?"

"Waambie mama yako hakupata pa kulala," akamjibu, akapanda na kufunga mlango.

Sasa hapo nani kamnyang'anya nani? Mimi nilipanda lori lile lile kwa sababu sikuwa na usafiri mwingine! Njiani ndipo aliponiuliza kama kwangu pana nafasi. Kwangu unakujua, pamebana hata mimi mwenyewe napita ubavu. Nikaanza kumwomba radhi, akasema ameona nyumba kubwa, imemtosha.

Leo nimeamka nikamkuta ameisukuma meza yangu ya kukatia hadi ukutani, na godoro lake ameshalitandika chini ya dirisha. Hakuniomba ruhusa. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Bosi akikupigia tena, nakusihi usimpoze. Usimwambie yaishe kwa kuwa sisi ni ndugu. Mwambie amtayarishie mama yake chumba, kisha aje kumwomba kwa mdomo wake, asimtume wifi.

Msalimie sana shemeji, na wanangu wote uwabusu, yule wa mwisho mara mbili kwa ajili ya utundu wake. Mungu awalinde na awape usingizi mwema hapo mlipo.

Mama naye anakusalimu. Nimemsomea barua hii, akanikatiza pale penye habari ya kunyang'anywa. Ametaka niandike neno lake kama alivyolisema: hakuna aliyemchukua. Amehama.

Ni mimi nikupendaye, hasira zangu zote nikiwa nazo,

Mdogo wako, Fundi.