Kompyuta ya Mama Isifutwe

Kwako baba mkubwa, mwenyekiti wa kikao. Kwenu shangazi na wajomba. Kwako mama mpenzi. Na kwenu wadogo zangu.

Wakubwa, shikamooni. Huku sijambo, ila mvua imetuzidi.

Nimeudhika. Tangu augue, mama amesahau nywila ya kompyuta yake, na ndimo pekee ilimobaki sauti ya marehemu baba. Wadogo zangu mkasaidiaje? Kila mmoja aliandika jina lake mwenyewe, akijiona ndiye kipenzi! “Nipisheni, kitinda mimba ni mimi,” akasema wa mwisho, mkacheka na kukosea tena na tena hadi mashine ikagoma kupokea neno lolote siku nzima. Sasa fundi anataka kufuta kila kitu, nanyi mmeafiki.

Mama alikuwa ameketi papo hapo. Nani alimuuliza? Jana aliniambia kwa simu, “Mwanangu, kichwa kimesahau, vidole havijasahau. Lakini nani atanipisha?”

Baba mkubwa, kwa idhini yako, natamka uamuzi, na kikao kiutekeleze leo: fundi aambiwe asije, mama awekewe kompyuta yake mezani, na watoto wake wote watoke chumbani.

Wenu,
Kifungua mimba