Kipande cha Minnesota Kilicho Nyuma ya Kanada

Alhamisi, 8 Juni 1995

Huyu Elibariki ana akili kweli? Eti ndiye rafiki mkubwa wa Baba Neema! Mwaka jana alikwenda mwenyewe kuvua samaki kule kaskazini anakotupeleka kesho, njia anaijua. Wiki tatu nzima ananiambia, "Shemeji, usiwe na wasiwasi, hatutoki Minnesota."

Leo nakaanga vitumbua vya safari ya kesho, Neema akaniuliza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kama siku hizi tunaruhusiwa kuingia Kanada. Kanada ipi? Akanieleza kwamba kipande kile cha Minnesota kimetengwa na ziwa, na kwa gari hufiki bila kupita Kanada kwanza.

Nikampigia Elibariki simu papo hapo. Akacheka! "Ni mwendo mfupi tu, shemeji. Unaingia, unatoka."

Yeye ni raia wa Marekani, aingie na kutoka apendavyo. Sisi wakili alitukanya: makaratasi ya ukaazi hayajatoka, mkivuka mpaka tu, ombi lenu limekufa. Miaka sita ya kusubiri, niitupe kwa ajili ya samaki! Nilimpa maneno ambayo Jumapili kanisani sijui nitamtazamaje. Sijutii.

Baadaye nikamuuliza Neema amejuaje. Akanyoosha kidole kwenye friji. Kazi yake ya shule, mambo ya ajabu kuhusu Minnesota, iko pale tangu Pasaka. La tatu ni hilo hilo, na ramani kaichora.

Niliibandika mwenyewe. Nikamsifu mwandiko. Sikusoma hata mstari mmoja.