Tairi Pana na Mama Mkwe

Mama Aneth,

Maharage yako jikoni, yakiiva uzime jiko. Nimepanda pikipiki kumfuata mama yako Nyamirambo. Gari analo yeye.

Zile tairi pana nilizofunga nyuma jana zinasugua madigadi kwenye kila tuta. Unamjua mama, hakai mbele bega kwa bega na mkwewe, kwa hiyo nilipokuwa nampeleka kwake leo alikaa nyuma. Sasa ningemwambiaje mkwe kwamba ni mzito? Kila tuta nikamwomba ashuke, anyooshe miguu kidogo, lakini bado zikasugua. Tuta la nne, hata mtaa wa Kabeza hatujaumaliza, akasema, "Baba Aneth, hebu shuka wewe." Akashika usukani, akavuka tuta. Hazikusugua hata kidogo! Akaenda zake na gari, mimi nikarudi nyumbani kwa miguu.

~~Tairi nazirudisha.~~ Tairi zinabaki. Jioni nipakulie nusu sahani.

Baba Aneth