Blogu kumi na pine yenye matope

Mujukuu wangu Kavira,

Hapa Butembo tuko salama. Mama yako anakusalimia, na mbuzi yetu imezaa mapacha.

Unauliza kama ninasadiki ile mashini ya kutafuta blogu na habari, yenye uliniwekea mu telefone. Niliijaribu, nikaandika jina la kwetu: Rughenda. Ikaniletea blogu kumi, na yote inasema uwanja wa ndege wa Rughenda uko Beni, muji ingine! Dada yako akacheka: «Koko, kumi haiwezi kukosea.» Kumi, na maneno ni yale yale?

Wakati nilikuwa kijana, nilikuwa ninaendesha kamyo. Siku moja, nikienda Kirumba kununua maharagi, nilikuta bashofere batatu banageuza kamyo zao. «Rudia, daraja imekatika,» balisema bote. Na mimi nikageuza. Kumbe daraja ilikuwa nzima. Muchuruzi mumoja wa maharagi ndiye alibadanganya bote batatu, halafu akaenda kubeba maharagi yote peke yake. Kati yao hapana mutu alifika ku daraja. Kama ningeangalia mapine yao, ningejua: ku ile daraja huwezi kufika bila kushika matope mekundu, na mapine yao ilikuwa na vumbi tu.

Donc, basi, usikasirike. Nitaendelea kufungua mashini yako. Lakini uiulize kwanza: kati ya ile blogu kumi, ni gani yenye iko na matope ku mapine?

Koko yako wa Rughenda. Ya Butembo.