Sauti ya Mwenye Kibanda Mahali pa Jina Langu

Mpendwa Baba Mdogo,

Kanda ile niliitoa mimi. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Miaka miwili sasa unachimba dhahabu Macalder, kwenye mashimo ya watu wengine, kwa kosa langu, na mimi naendelea kusoma na kusifiwa kwa maksi nzuri.

Unakumbuka siku wewe na Baba mliporudi kutoka kurekodi Kisumu? Mliingia nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi, yeye na gitaa lake begani, wewe na gitaa lako la besi ndani ya blanketi, na kanda moja tu. Mwenye studio alitaka muisikilize kwanza, ndipo atoe nyingi za kuuza. Ulikuwa wimbo wa Nyanya, alivyowafichia gitaa chini ya kitanda chake ili Babu asilivunje. Karibu na mwisho sauti yako inaingia ikicheka: "Achieng' wangu wa vitabu, soma mama, soma!" Nilikimbilia jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Hakuna mtu aliyewahi kunitaja hivyo, kwa sauti kubwa, kana kwamba mimi ni mtu wa kujivunia.

Wiki ile nilitumwa kwa shangazi Migori. Nilichukua kanda kabatini bila kuuliza. Nilitaka nakala moja tu, ya kwenda nayo bweni. Karibu na stendi kulikuwa na kibanda cha kunakili kanda.

"Ya nani hii?" mwenyewe aliuliza.

"Ya baba yangu."

"Ala! Kumbe msichana wa mwanamuziki! Basi wewe hulipi. Enda ukae pale na soda, utapata iko tayari."

Niliona ni wema. Nilikaa nikasoma kitabu changu, wala sikugeuza kichwa kuona anafanya nini.

Nilirudisha kanda kabatini kabla Baba hajajua. Mwezi haukuisha, wimbo ukawa unapigwa Migori, Uriri, hadi Mbita. Mwenye studio akaghairi. Alisema hawezi kuuza kitu ambacho kila mtu tayari anacho. Na wewe ulikuwa umepita Migori wiki ile ile.

"Mimi sikutoka hapa," Baba alikuambia. "Wewe ndiye ulikuwa Migori. Walikununulia pombe ngapi?"

Uliweka kikombe chini. "Omera, ndugu yangu, unaniuliza ama umeshaamua?"

Hakujibu. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya uji. Ulinitazama ukatabasamu kidogo, labda ukidhani nakuonea huruma. Asubuhi hukuwepo, na besi yako ilikuwa imeegemea ukuta. Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi pia nilikuwa Migori. Msichana wa vitabu hashukiwi.

Baadaye niliusikia wimbo wenu sokoni, kwenye duka la viatu. Nilisimama kusubiri sehemu yangu. Ilipofika, sauti ya yule mwanamume ikapanda juu ya yako: "Pata kanda zote kali hapa kwetu, stendi ya Migori, karibuni!" Mahali uliponiita mimi, amejiita yeye.

Muhula huu mwalimu wa Kiswahili alitupa mjadala: je, kunakili kanda za muziki kuruhusiwe kisheria? Niliwekwa upande wa kupinga. Otieno, ambaye hukaa dawati la nyuma yangu, akasimama kuunga mkono.

"Jirani akifungulia redio nami nikacheza, nimeiba? Ama mnataka mwanamuziki aimbe chooni peke yake?" Darasa zima lilicheka. "Maskini atasikia wapi wimbo, kama si kwa kanda ya kunakili?"

Zamu yangu ilipofika nilisimama na karatasi yangu. Nilisema sentensi mbili nikakaa. Tulishindwa vibaya.

Kinachonichoma ni kwamba Otieno hakudanganya yote. Wewe na Baba mlijifunza gitaa kwa kanda za rumba zilizonakiliwa, majina yameandikwa kwa biro. Wewe mwenyewe ulinionyesha jinsi ya kuzirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Lakini ninyi mlinakili mkajifunza, na kile mlichojifunza mkakifanya wimbo mpya. Yule wa kibanda aliuchukua wimbo kabla wenyewe hamjautoa, akaweka mdomo wake juu ya wenu. Mwalimu anasema sheria ipo. Ipo, na askari wa stendi hununua kanda pale pale. Hata hivyo naitaka iwepo, kwa sababu ikisemwa ni halali, mtu kama wewe hana hata pa kwenda kulalamika. Nikiitaka, lazima nikubali kwamba ingeanza na mimi. Hilo ndilo nililoshindwa kusema mbele ya darasa.

Sikuombi unisamehe upesi. Nisingependa mtu anisamehe upesi.

Baada ya kuandika hadi hapo, leo Jumamosi mchana, nilikwenda kwa Baba uani. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Nilimsomea barua hii yote, tangu mstari wa kwanza. Hakuinua macho. Nilipomaliza aliuliza, "Mbona hakukataa siku ile?"

"Alikuuliza swali, Baba. Hukumjibu."

Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na besi yako. Bado iko kwenye blanketi lile.

"Shule ikifungwa utampelekea."

"Hapana, Baba," nilisema. "Mimi nimeshawahi kubeba kitu chenu."

Nimeingia ndani kuandika mistari hii ya mwisho. Kutoka dirishani namwona bado amesimama pale, ameishika. Barua nitaipeleka posta Jumatatu. Besi ataileta Baba mwenyewe, au hutaiona.

Kwaheri, Baba Mdogo. Uwe mwangalifu humo mashimoni.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Achieng'